Miguu ya Kuku Wekundu

Kahawa ilikuwa ya mume wangu. Migomba ilikuwa ya mama mkwe, maana aliipanda yeye kabla mimi sijazaliwa, na hakumwacha mtu asahau. Ng'ombe tuliyekuwa naye alikuwa wa ukoo, kila shemeji akipita lazima ampapase mgongo na kutoa ushauri. Kuku walikuwa wangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nikianza kusimulia habari za kuku watu hucheka, wakidhani ni habari ndogo. Wacheke tu. Mwanamke wa kijiji chetu cha Akheri, huku mlimani, wakati wa Mwingereza hakuwa na kitu cha kushika kwa mikono miwili akasema hiki ni changu, isipokuwa kuku. Nilikuwa tayari kugombana na yeyote juu yao, na niligombana.

Sikuolewa na kuku mkononi. Kwetu mwanamke aliwekewa kuku. Mwenye kuku wengi alimchukua mtetea mmoja, akampeleka kwa mwenzake asiye na kitu, akamwambia, "Nifugie." Mtetea akitotoa na vifaranga wakakua, mnagawana nusu kwa nusu, naye mtetea anabaki wa yule aliyemweka. Mimi niliwekewa na mama mkwe mtetea wa madoadoa, mkali kuliko wote kijijini, aliyemfukuza mbwa wa jirani mpaka mferejini. Kutoka kwa huyo mmoja nikapata boma zima. Mayai yangu yalifika sokoni Tengeru, mengine yakaenda mjini mpaka kwenye duka la Mhindi pale Ngarenaro, na sukari ya nyumba yangu, mafuta ya taa na madaftari ya watoto vilitoka hapo. Mume wangu hakuniuliza, nami sikumwambia.

Kuwekewa kuku kulikuwa na sharti moja. Kuku wa kuwekwa akifa, awe amekufa kwa ugonjwa au amekanyagwa na ng'ombe, unamkata miguu na kuipeleka siku ile ile au kesho yake asubuhi kwa mwenye kuku. Miguu inasema kwamba hukumuuza, maana hakuna anayenunua kuku asiye na miguu. Na wewe mwenyewe kwenda kusimama mbele ya mwenye mali, ukamtazama usoni, kunasema huna la kuficha. Mwenye kuku naye ana wajibu wake. Anaipokea miguu, halafu unamuuliza, "Na waliobaki kwako, wazima?" Naye hawezi kujibu kwa mdomo tu, anakupeleka bandani ukawaone. Hiyo ni kwa sababu kuku mara nyingi hufa kwa kitu alichotoka nacho kwao. Mwanamke asiyeleta miguu hakutukanwa wala kuitwa mwizi. Hakuwekewa kuku tena, basi.

Ng'ambo ya mfereji, upande wa chini, ulianza mpaka wa shamba la mzungu wa kahawa. Mwenye shamba alikuwa safarini muda mwingi, na aliyetawala pale alikuwa mke wake, memsabu mrefu mwenye kofia ya ukindu na sauti ya kuita watu kutoka mbali. Hakuwa mtu mbaya. Kila Alhamisi aliwaalika wanawake wa kijijini barazani kwake kujifunza kushona, na alitufundisha kweli, hata leo pindo ninalolishona halifumuki. Lakini alikuwa na ile tabia ya kusema nasi kama mtu anayeita kuku kwenye mahindi. Na Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, cha kuamuru jikoni, kisicho na tafadhali ndani yake.

Memsabu alifuga kuku wekundu, wakubwa, waliokuja kwa meli kutoka kwao. Aliwajengea banda la waya lenye paa la bati, wakati baadhi yetu tulikuwa tunalala chini ya paa la nyasi. Alhamisi moja baada ya kushona alitutolea baadhi yetu kuku hao. Mimi nilipata mitetea wawili na jogoo. "Chukua," alisema, "fuga. Kuku mzuri hii. Yako hapana mzuri."

Tukachukua. Na kwa kuwa mtu mwenye kuku wengi alikuwa amempa kuku hai mtu mwenye kuku wachache akamwambia fuga, sisi tulielewa kama ambavyo yeyote wa Akheri angeelewa. Tumewekewa. Walipototoa na vifaranga kukua, nilichagua nusu, tena wale wanene, nikamtia kila mmoja kapuni na kumpelekea memsabu. Alifurahi sana. Aliwapokea, akawatia bandani, akanipa uzi wa kushonea na kipande cha kitambaa. Alidhani tunamletea zawadi. Sisi tulidhani anapokea haki yake. Tuliishi hivyo kwa amani muda mrefu, kila upande ukiusifu upande wa pili kwa adabu zake.

Kisha vifaranga wakaanza kufa.

Mwenye kufuga ataelewa nikisema wanakufa kifaranga kwa kifaranga. Leo wanakimbia na mama yao, kesho wamejikunyata, mabawa yameshuka, wanalia sauti nyembamba isiyokoma. Nyuma wamegandwa na kinyesi cheupe kama chokaa. Unawasafisha kwa maji ya uvuguvugu, unawaweka karibu na moto, asubuhi unawaokota. Wengi walikuwa wa wale wekundu na wa uzao wao. Mitetea wenyewe walikuwa wazima, wanang'aa, wanataga, wanakula, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu sikuwa na wa kumlaumu. Mama mkwe alisema ni baridi ya mlimani. Mwalimu wa kanisani alisema ni pumba mbaya. Siku hizi mjukuu wangu aliyesomea mambo ya mifugo ananiambia kijidudu kile kinaitwa salmonela, na kwamba mtetea hukibeba tumboni bila kuumwa na kukitia ndani ya yai lenyewe, hivyo kifaranga anazaliwa nacho. Wakati ule hatukuwa na jina lolote. Tulikuwa na vifaranga wafu.

Na kwa memsabu walikuwa wanakufa vile vile. Yeye hakusema baridi wala pumba. Alisema ni kuku wa wenyeji, wale tuliompelekea mimi na wenzangu, ndio walioleta uchafu kwenye banda lake safi. Akaandika kwa wakubwa. Jumapili, baada ya ibada, mzee wa mtaa alisimama nje ya kanisa akatangaza kwamba Bwana Mifugo anakuja kupima damu ya kuku wa kijiji, na kwamba asiweko mtu wa kuwaficha.

Sitaki kueleza mengi juu ya wakati ule, lakini msomaji ajue tulikuwa na kidonda. Wenzetu wa upande wa kaskazini wa mlima walikuwa wametolewa kwenye ardhi yao ili ipewe wazungu, na nyumba zao zilichomwa wakiona. Kwa hiyo gari la serikali lilipoingia kijijini hakuna aliyedhani limekuja kwa ajili ya afya yetu. Mwanamke mmoja karibu yangu alisema pale pale kanisani, "Wamechukua ardhi, sasa wanahesabu kuku." Sisi sote tulicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Bwana Mifugo alikuwa mzungu kijana, mashavu mekundu, soksi mpaka magotini. Alikuja na msaidizi wake Mwafrika, mtu wa pwani huko Tanga, mpole, aliyebeba sanduku la mbao kama amebeba mtoto. Wanawake walimpa jina kabla hajalifungua sanduku hilo. Walimwita Bwana Damu.

Walianzia kwangu. Bwana Damu aliweka meza uani, juu yake kigae cheupe kilichochorwa miraba. Kwenye kila mraba alidondosha tone la dawa ya zambarau. Mimi nilikamata kuku, maana sikutaka mtu mwingine awakimbize kuku wangu, nikamshika kila mmoja kifuani na kumkunjua ubawa. Bwana Damu alimtoboa kwa sindano kwenye mshipa ulio chini ya ubawa, akachukua tone la damu kwa kitanzi kidogo cha waya, akalikoroga kwenye ile dawa, kisha akakiinamisha kigae huku na huku. Nilipomuuliza anatazama nini, hakunifukuza.

"Tazama na wewe, mama," alisema. "Ikibaki laini hivi, kuku ni salama. Ikikatika, ana kijidudu."

Mtetea wangu wa madoadoa alibaki laini. Binti zake wakabaki laini. Kisha nikamleta mtetea mwekundu wa kwanza, na ile dawa ikakatika mbele ya macho yangu kama maziwa yaliyochacha, chembechembe za zambarau zikikimbilia pembeni. Wa pili hivyo hivyo. Jogoo mwekundu hivyo hivyo. Kisha baadhi ya watoto wao. Kwa kuku wa uzao wa yule mtetea wa mama mkwe haikukatika hata kwa mmoja. Nilimtazama Bwana Damu naye akanitazama, halafu akainamisha uso kwenye kigae chake. Alikuwa ameona nilichokiona. Lakini alikuwa na mkubwa nyuma yake na mshahara mbele yake, na sikumlaumu wakati ule wala sasa.

Bwana Mifugo alisema amri yake kwa Kiswahili kizuri kuliko cha memsabu. Wenye ugonjwa wanachinjwa sasa hivi. Wengine wote wafungwe, kesho atarudi, nao watachinjwa na kuchomwa. Boma likae bila kuku mpaka serikali itakaposema.

"Wengine wazima," nilisema. "Umewapima mwenyewe."

"Boma la kienyeji likiwa na kuku mgonjwa, kuku wote wanaondolewa. Ndiyo sheria."

"Kwa nini kupima, kama wote wanakufa?"

Alimgeukia Bwana Damu akamwambia aanze. Waliwachinja wale wekundu pembeni ya shimo, wakawatupa ndani, Bwana Damu akawamwagia mafuta ya taa. Ndipo nilipomshika mkono.

"Miguu," nilisema. "Naitaka miguu yao."

Bwana Mifugo alidhani nataka kupika mchuzi. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba nyama hiyo haifai na mikono ioshwe. Nikamwambia sili kuku wa mtu. Akaniuliza kuku wa nani tena. Nikamwambia wa memsabu. Alicheka. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo, akasimama, akaja mpaka ukingoni mwa shimo na kusimama hapo, mguu mmoja kwenye udongo uliolowa mafuta ya taa. Alikuwa mwanamke mwembamba sana, lakini hakuna mwanamume aliyethubutu kumsogeza, na kiberiti kikabaki mkononi mwa Bwana Mifugo bila kuwashwa.

"Mpe miguu yake," alisema Bwana Mifugo mwishowe, amechoka. Bwana Damu akashuka, akaikata, akaichovya kwenye ndoo ya dawa kali ya kusafishia mabanda na kunifungia kwenye jani la mgomba. Alifunga vizuri, kama kifurushi cha zawadi.

Jioni ile nilipigana na mume wangu kwa maneno. Yeye hakuwa mwoga, msimdhanie hivyo. Alikuwa amewaona wenzetu wa kaskazini wakipita na watoto na masufuria kichwani, na tangu siku hiyo aliamini kwamba serikali haishindwi, inasubiriwa tu ipite. "Ni kuku," aliniambia. "Tutawafuga wengine."

"Nani atakuwekea?" nilimuuliza. "Ukoo mzima wa kuku wa mama yako utakuwa umeungua."

"Usituletee matatizo, mama watoto."

"Yameshaletwa. Sikuyaleta mimi. Yalikuja kwa meli."

Alinigeuzia mgongo. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na mashavu mekundu ya yule kijana, lakini zaidi nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimeanza na mtetea mmoja nikiwa bibi arusi, na sasa nilikuwa na mtoto mgongoni na wengine shuleni. Kuku wale wakiungua ningerudi kuomba chumvi kwa mwanamume. Kuna wanawake wanaoweza kuishi hivyo. Mimi siwezi, na sitaki kujifunza.

Asubuhi, kabla Bwana Mifugo hajarudi, nilifunga kanga yangu nzuri, nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua kile kifurushi. Mama mkwe alikuwa ananisubiri njiani na fimbo yake. Hakusema tunakwenda wapi wala sikumwambia. Tulivuka mfereji.

Gari la serikali lilikuwa limesimama kwenye ua wa shamba. Bwana Mifugo alikuwa barazani anakunywa chai na memsabu, maana alilala hapo, na nilifurahi sana kwa bahati hiyo. Bwana Damu alikuwa nje karibu na gari, anakunywa yake kwenye kikombe cha bati. Hakuna aliyetuita tupande baraza. Tukapanda. Wapishi wawili wakachungulia dirishani.

"Habari za asubuhi, memsabu," nilisema. Nikafungua jani la mgomba na kuliweka sakafuni mbele yake, ile miguu ya njano imepangika. "Kuku wako wamekufa. Hii ni miguu yao. Hatukuwala wala hatukuwauza."

Memsabu alisimama haraka. "Hii nini? Toa. Mimi hapana taka hii."

"Ni ya kuku wako."

"Hapana yangu. Mimi nilikupa. Kuku yako wewe."

"Memsabu," nilisema, nikimtikisa mtoto mgongoni maana alikuwa ameanza kulia, "kila walipototoa nilikuletea nusu yako. Ulipokea. Wenzangu walikuletea, ulipokea. Nani anapokea mgao wa kuku asiye wake?"

Nakumbuka uso wake, alivyokuwa anahesabu moyoni makapu yote yale, na kuona kwa mara ya kwanza kwamba hayakuwa zawadi. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Bwana Mifugo alianza kusema jambo kwa Kiingereza, lakini memsabu alimwinulia mkono anyamaze. Lazima niseme hapo nilimheshimu kidogo.

Mama mkwe akasogea. Alisalimiwa na memsabu, akaitikia, kisha akauliza lile swali, kwa Kimeru kwanza na kwa Kiswahili baadaye ili lisipotee. "Na waliobaki kwako, wazima?"

"Wazima," alisema memsabu. "Wazima kabisa. Kuku yangu safi."

"Twende tukawaone," alisema mama mkwe. Akageuka akaanza kushuka ngazi kuelekea banda la waya, kama vile banda ni lake.

Bwana Mifugo alisema hakuna haja, kuku wale walikuja na cheti. Nadhani kama asingesema hivyo memsabu angetufukuza. Lakini alikuwa mwanamke mwenye majivuno ya kuku wake, kama mimi, na hakupenda kutetewa na kijana aliyekuwa anamnywea chai yake. "Pima," alimwambia. "Pima wote. Hawa wanataka kuona, waone."

Bwana Damu aliweka kikombe chake chini na kufungua sanduku. Memsabu mwenyewe alikamata mtetea mwekundu wa zamani, mmoja wa wale waliokuja kwa meli, ambaye hakuwahi kukanyaga nje ya waya ule. Alimshika vizuri, kifuani, kama ninavyowashika mimi. Sindano, tone, kitanzi cha waya. Kigae kikainama huku na huku. Ile dawa ikakatika.

Memsabu akamleta mwingine, ikabaki laini, akashusha pumzi. Akamleta mwingine, ikakatika. Kwa wale wa zamani ilikatika zaidi kuliko kwa wale tuliompelekea sisi. Baadhi yetu tungesema tulisikitika. Mimi sikusikitika. Nilifurahi, nilifurahi sana, na ningependa kuona nani angesimama pale na chembechembe zile mbele yake asifurahi. Kisha nikamwona memsabu ameshika kuku wake wa mwisho muda mrefu kuliko inavyohitajika, kidole chake kikipapasa manyoya ya shingoni, na nikajua anavyojisikia. Nilikasirika kwamba najua.

Bwana Mifugo aliandika andika, akafunga kalamu. Akamwambia memsabu kwa Kiswahili, labda kwa sababu wapishi na watu wa shamba walikuwa wamejaa kwenye waya na alitaka waone yuko kazini, kwamba wenye ugonjwa watachinjwa.

"Na hawa nyingine?" aliuliza memsabu.

"Hawa tutapima tena mwezi ujao. Na mwezi mwingine. Wakiwa safi wanabaki."

"Ndiyo," alisema memsabu. "Kuku mzima hapana ua. Sababu gani kuua kuku mzima?"

Hayo ndiyo niliyoyasema mimi jana kwa maneno mengine, na yeye hakujua. Nikapita mbele ya mama mkwe, nikasimama kati ya memsabu na Bwana Mifugo.

"Na kwangu?" nilisema.

Bwana Mifugo alinitazama kama mtu aliyesahau kwamba nipo. Akasema kwangu ni boma la kienyeji, kuku wanazurura, si sawa na banda la waya. Nikamwambia nitawafunga. Akasema sheria ni sheria. Nikamwambia basi ichinje na hawa. Watu kwenye waya wakaanza kunong'ona. Mama mkwe alikaa chini pale pale kwenye nyasi, fimbo mapajani, akionyesha kwamba ana siku nzima na kesho yake.

Ndipo Bwana Damu, bila kuinua macho kwenye kigae alichokuwa anakifuta, akasema, "Dawa ni ile ile, bwana."

Alisema hivyo tu. Mashavu ya kijana yule yalizidi kuwa mekundu. Alimtazama memsabu, na memsabu aliyekuwa bado na kuku mikononi akatazama upande mwingine, kwenye kahawa. Sijui alinionea huruma au aliona aibu. Sikumwuliza, na Alhamisi zile za kushona zikaisha bila mtu kuzizungumzia.

"Haya," alisema Bwana Mifugo. "Kwako pia. Tutapima tena."

Alipima tena, mara nyingi. Aliporudi mwezi uliofuata damu ya wengine wawili wa uzao ule mwekundu ilikatika, na sikungoja mtu, niliwachinja mwenyewe kabla hajafunga sanduku na kuwateketeza shimoni. Nilitaka aone kwamba sikuwa nikiupigania ugonjwa. Niliweka fito kuzunguka uwanja wangu, nikasafisha banda kwa chokaa, na vifaranga waliofuata wakaishi. Wanawake wengine wa kijiji walidai haki ile ile, kila mmoja akisema, kwa yule wa ng'ambo ya mfereji mlifanyaje. Hilo lilikuwa neno letu mwaka mzima, juu ya kuku na juu ya mambo mengine.

Lakini siku ile yenyewe tulirudi nyumbani jua limeshapanda. Mume wangu alikuwa amefanya kama alivyoagizwa. Alikuwa amewakamata kuku wangu wote, amewafunga miguu kwa kamba za mgomba, na kuwapanga ukutani kivulini, vichwa chini, wakihema midomo wazi. Mtetea wa madoadoa alikuwa wa kwanza kwenye mstari, macho yake makali kama siku zote. Mume wangu alisimama pembeni akasubiri nimwambie watu wa serikali watakuja saa ngapi.

Nilimpa mtoto. Nikachuchumaa, nikaanza kufungua mafundo. Alikuwa amefunga kwa nguvu, mwanamume yule hajui kufunga kuku. Niliwafungua mmoja mmoja, nikiwasimamisha na kuwapapasa mapaja mpaka damu ilipowarudia, wakaenda wakichechemea uani.

Nilimweleza yaliyotokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akamhamisha mtoto bega moja kwenda jingine, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu lile tangazo la kanisani.

"Umemshukuru Bwana Mifugo?" aliniuliza.

"Kwa kitu gani?"

"Amekuachia kuku."

Niliendelea na fundo lililokuwa mkononi mwangu. "Kuku ni wangu," nilimwambia.